Maana Mbili za "Mswahili": Ujirani wa Waislamu na Wakristo Bukavu na Ng'ambo ya Ruzizi

Mto Ruzizi huanzia Ziwa Kivu, pembeni mwa mji wa Bukavu, na kuteremka kusini hadi Ziwa Tanganyika. Wakongomani huliandika jina lake Ruzizi, Wanyarwanda na Warundi huliandika Rusizi. Tofauti hiyo ya herufi moja ni ndogo ikilinganishwa na ile iliyomo katika neno jingine linalojulikana ng'ambo zote mbili, yaani neno "Mswahili". Nchini Rwanda, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, kumwita mtu Mswahili kulikuwa ni kumwita Mwislamu, na mara nyingi jina hilo lilibeba dharau: mtu wa mjini asiye na shamba wala ng'ombe, mchuuzi, mjanja asiyeaminika. Bukavu, umbali wa daraja moja tu, Kiswahili kilikuwa lugha ya mwanamke auzaye samaki sokoni Kadutu, ya padre, ya dereva, ya askari, na ya watoto wa kila dini waliosoma na kucheza pamoja. Huko kusema Kiswahili hakukuwa alama ya dini yoyote.

Makala haya yanachunguza ujirani wa Waislamu na wasio Waislamu katika ng'ambo hizo mbili. Dai lake ni kwamba wema uliokuwepo haukuanzia katika mikutano ya viongozi wa dini. Ulianzia katika lugha, katika mtaa na katika njia ya biashara, nao kila upande ulikuwa na mpaka wake. Bukavu Kiswahili kiliziba ufa wa dini, lakini hakikuziba ufa wa kabila. Kwa Waswahili wa Rwanda mambo yalikuwa kinyume: walitengwa kwa dini yao, na ndani ya kutengwa huko ufa wa kabila ukapungua nguvu. Tofauti hiyo ilikuja kupimwa kwa damu mwaka 1994 na tena mwaka 1996.

Kivuli cha karne ya 19

Haiwezekani kuuzungumzia urafiki huu bila kukiri kwamba Uislamu uliingia mashariki ya Kongo pamoja na misafara ya pembe na watumwa. Wafanyabiashara wa pwani walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji na kuweka makao Nyangwe na Kasongo katika nchi ya Maniema. Wengine, chini ya Muhammad bin Khalfan aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, walieneza nguvu zao kaskazini ya ziwa hilo hadi Uvira. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyasimulia maisha hayo mwenyewe kwa Kiswahili katika tawasifu iliyochapwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, na masimulizi yake hayaoni haya kutaja vita, pembe na mateka. Watu wa misafara walijiita waungwana na kuwaita wenyeji washenzi. Katika maneno hayo mawili mna historia nzima ya dharau, na hakuna sababu ya kuifunika.

Lakini historia hiyo ilitumiwa pia na wengine kwa faida yao. Mwaka 1887 Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II ilimteua Tippu Tip kuwa liwali wake wa Stanley Falls. Miaka mitano baadaye dola hiyo hiyo ikaanza vita dhidi ya "Waarabu". Nyangwe na Kasongo zikatekwa mwaka 1893, na mwaka uliofuata vita vikaisha. Ushindi huo uliandikwa vitabuni kuwa ni ushindi dhidi ya utumwa, ingawa washindi wenyewe walikuwa wakiwalazimisha wenyeji kutoa mpira kwa mtutu wa bunduki. Kwa vizazi viwili au vitatu baadaye, mtoto wa shule ya misioni alifundishwa kwamba Mwislamu na mwindaji wa watumwa ni kitu kimoja. Waislamu wengi wa Maniema walikuwa wazao wa wenyeji waliosilimu, na baadhi yao wazao wa mateka hasa. Basi fundi cherehani wa Kiislamu wa mwaka 1940 aliweza kubebeshwa lawama ya watu waliomteka babu yake.

Ama Bukavu yenyewe, misafara haikupata makao ya kudumu katika nchi ya Bushi, na Rwanda ilijulikana kwa kuwazuia wafanyabiashara wa pwani wasiingie. Kwa hiyo Uislamu wa Bukavu haukuletwa na msafara, uliletwa na mji. Kituo cha wakoloni kilianzishwa mwaka 1901. Mwaka 1927 kilipewa jina la Costermansville, kwa kumbukumbu ya ofisa Mbelgiji Paul Costermans, na jina la Bukavu likarudishwa katika miaka ya 1950. Kadiri mji ulivyokua na kuwa makao makuu ya jimbo la Kivu, walihamia Waislamu kutoka Maniema, Uvira, Ujiji na Usumbura: askari, wachuuzi, mafundi na madereva. Walikuta, au walikuja pamoja na, Bashi, Bahavu, Barega, Bafuliiru na Babembe waliotafuta kazi. Bukavu haikuwa na mtaa wa kulinganishwa na Buyenzi ya Bujumbura, ambao mpaka leo ukitajwa watu hufikiri kwanza juu ya Waswahili Waislamu. Mwislamu wa Kadutu alipakana ukuta kwa ukuta na Mkatoliki na Mprotestanti, na maji walichota bomba moja.

Lugha iliyotangulia dini

Watu hao wa makabila mengi walihitaji lugha. Mtaalamu wa isimu Didier Goyvaerts, aliyechunguza hali ya lugha Bukavu katika miaka ya 1980, alieleza mji wenye lugha nyingi mno kwa ukubwa wake, ambamo Kiswahili ndicho kilichowaunganisha wakazi. Alionyesha pia jinsi vijana walivyojitengenezea humo lugha yao ya mitaani iitwayo Indoubil, na jinsi Kilingala cha askari na watawala wa Kinshasa kilivyopanda hadhi. Kiswahili hicho ni tawi la kile kilichoitwa na Wazungu Kingwana, jina lililotokana na waungwana wa misafara. Kwa hiyo lugha ya mji ilikuwa mali iliyorithiwa kutoka kwa watu ambao vitabu vya shule viliwalaani. Wakazi wa Bukavu waliirithi, wakaigeuza kwa matamshi yao, hata "ahsante" ya pwani ikawa "aksanti", na baada ya muda hawakuiona tena kuwa ni ya mtu mwingine.

Wamisionari walikuwa na wasiwasi juu ya lugha hii, kwa sababu walihofu kwamba inabeba Uislamu ndani yake. Hofu hiyo haikuwa bila msingi, ila mambo yalikwenda njia ambayo hawakuitarajia. Walipotaka kutafsiri katekisimu na Injili walikuta msamiati wa dini umekwisha kutengenezwa. Imani, dhambi, toba, rehema, sadaka, sala, ibada, malaika, nabii, shetani: maneno yote haya yametoka katika Kiarabu, na yalikuwa midomoni mwa Waislamu wa Afrika ya Mashariki kabla hayajaingia katika vitabu vya misioni. Hata neno "kanisa" na neno "msalaba" asili yake ni Kiarabu. Kwa upande wa pili, jina ambalo Waislamu na Wakristo wote wanamwitia Muumba, "Mungu", ni neno la Kibantu lisilotoka Makka wala Roma. Matokeo yake ni kwamba Mwislamu wa Kadutu aliyehudhuria mazishi ya jirani yake Mkatoliki alisikia maneno ambayo alikuwa ameyatumia asubuhi katika dua zake. Maana hazikuwa sawa katika kila jambo, na mashehe na mapadre walijua vizuri mahali zinapoachana. Lakini mtu wa kawaida akisikia jirani yake analia kwa maneno anayoyafahamu, hahitaji mfasiri ili ajue kwamba yule naye anamwomba Mungu rehema.

Mfano mzuri kuliko yote umeandikwa juu ya lango la shule. Wajesuiti walikuwa na koleji Bukavu iliyobeba jina la Kifaransa la Bikira Maria wa Ushindi. Baadaye ikajulikana kwa jina la Alfajiri, na ndilo jina ililo nalo. Alfajiri ni mapambazuko, na kwa kila anayesema Kiswahili ni pia jina la sala ya kwanza ya siku ya Mwislamu. Koleji ya Kikatoliki iliyolea wasomi wengi wa Kivu inaitwa kwa neno ambalo mwadhini analiamkia. Waliochagua jina hilo yaelekea walifikiria mwanga tu, na huo ndio ushahidi wenyewe: neno lilikuwa limekwisha kuwa la wote hata hapana aliyeuliza lilitoka wapi.

Hali kadhalika majina ya watu. Amani, Bahati, Neema, Furaha, Riziki, Faida na Zawadi ni majina ya watoto wa Bukavu bila kujali wazazi wanasali wapi. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilipopiga marufuku majina ya ubatizo, majina ya Kiswahili yalikuwa miongoni mwa yaliyobaki na watu, na orodha ya wanafunzi darasani ikawa haimwambii tena mwalimu kwa urahisi nani ni wa dini gani. Katika Maniema na Kivu majina kama Ramazani na Shabani yamekuwa majina ya ukoo yanayopita mipaka ya dini. Mgombea urais wa mwaka 2018, mzaliwa wa Kasongo, aliitwa Emmanuel Ramazani Shadary, na ndani ya jina hilo moja yamekaa Maandiko ya Kikristo na mwezi wa kufunga wa Kiislamu bila kugombana.

Ujirani usio na mizani sawa

Haitakuwa haki kuonyesha kwamba hali hiyo ilikuwa tamu kwa wote. Chini ya Wabelgiji misaada ya serikali kwa shule ilikwenda kwa misioni za Kikatoliki, na Waprotestanti wenyewe walisubiri hadi baada ya Vita Kuu ya Pili ndipo wapate sehemu yao. Waislamu hawakupata kitu. Shule za serikali zisizo za dini zilianza kufunguliwa mwaka 1954, wakati Auguste Buisseret alipokuwa waziri wa makoloni. Kabla ya hapo mzazi Mwislamu alikuwa na njia mbili: kumpeleka mtoto kwa mapadre, akijua kwamba huenda akarudi na jina jipya, au kumwacha na chuo cha Kurani peke yake, akijua kwamba hatapata kazi ya ofisini. Wengi walichagua njia ya pili. Ndiyo maana Waislamu wa kizazi hicho walijulikana kwa biashara, ushonaji na udereva, na walikuwa wachache sana miongoni mwa makarani na walimu. Walioviona vyeo hivyo kuwa kipimo cha ustaarabu waliwadharau. Kanisa Katoliki lenyewe lilibadili msimamo wake rasmi juu ya Waislamu katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 28 Oktoba 1965, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 dola ya Zaire ikautambua Uislamu miongoni mwa dini za nchi. Wakati huo majirani wa Kadutu walikuwa wamekwisha kuzikana kwa miongo kadhaa.

Kuzikana ndilo neno linalofaa. Katika Kiswahili cha Kongo msiba huitwa kilio au matanga, na kilio si cha familia peke yake. Ni cha mtaa. Asiyefika huonekana. Kuna pia jambo la kuchinja, ambalo limeenea Afrika ya Mashariki nzima: Mkristo mwenye arusi anayetaka jirani zake Waislamu wale pamoja na wageni wengine humwita Mwislamu mmoja achinje. Kisu kikishikwa na mkono unaokubalika, sufuria inakuwa moja. Wanaohesabu ujirani kwa maazimio ya mikutano hulipita jambo hili bila kuliona, ingawa adabu yake ni kubwa: mwenye nyumba anakubali kwamba sharti la mgeni wake litangulie ndani ya ua wake mwenyewe.

Ng'ambo ya pili

Kwa kuwa mpaka wa mwaka 1910 uliifuata Ruzizi, Bukavu na Cyangugu ziliwekwa katika makoloni mawili, moja la Wabelgiji, moja la Wajerumani. Wabelgiji walipoichukua Rwanda na Burundi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ng'ambo zote mbili zikawa chini ya mtawala mmoja, na mpaka, ingawa haukufutwa, ukalegea. Baada ya uhuru, jumuiya ya CEPGL iliyoundwa na Zaire, Rwanda na Burundi mwaka 1976 ilirahisisha kuvuka kwa wakazi wa nchi hizo tatu. Wachuuzi wa Bukavu walikwenda Kamembe na Bujumbura, nao wa huko walikuja Bukavu. Mwislamu aliyefika ugenini saa ya sala aliuliza msikiti uko wapi, naye akauliza kwa Kiswahili.

Ila swali hilo hilo, likiulizwa Kamembe, lilimtambulisha. Uislamu uliingia Rwanda wakati wa Wajerumani, pamoja na askari, makarani na wafanyabiashara wa pwani, na msikiti wa kwanza wa Kigali unatajwa kuwa ulijengwa mwaka 1913. Chini ya Wabelgiji Waislamu wa mijini walikusanywa katika mitaa yao ya pekee, na jina la "Camp Swahili" katika eneo la Biryogo na Nyamirambo, Kigali, ni kumbukumbu ya siasa hiyo. Nchi ambayo watu wake wote wana lugha moja, Kinyarwanda, haikuihitaji lugha ya kuwaunganisha. Kiswahili kwa hiyo kilionekana kuwa ni cha ziada, lugha ya wageni na ya soko. Dola na Kanisa Katoliki vilikuwa karibu sana, na Mswahili alikuwa nje ya vyote viwili.

Hapa ndipo penye jambo la kustaajabisha. Ndani ya mitaa hiyo iliyodharauliwa, Mhutu na Mtutsi walisali safu moja na kuoana, na mtu wa nje aliwaita wote kwa jina moja. Chuki ya kikabila ilipokuwa ikipikwa katika miaka ya mwanzo ya 1990, viongozi wa Kiislamu waliwaonya waumini wao wajitenge na vyama vilivyoihubiri. Mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994, mwenendo wa jumla wa Waislamu wa Rwanda ulikuwa tofauti kiasi cha kutajwa na watafiti mbalimbali, akiwamo mwanahistoria Gérard Prunier. Huko Nyamirambo na Biryogo watu waliotafutwa walifichwa katika nyumba za Waislamu, Watutsi Waislamu na wasio Waislamu pia. Mabare, mashariki ya nchi, Waislamu walipigana kuwalinda waliokimbilia msikitini, na wakashindwa.

Mwanahistoria hana ruhusa ya kuishia hapo. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la chuki la Kangura, alikuwa Mwislamu wa Gisenyi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimtia hatiani mwaka 2003. Karibu zaidi na Bukavu, mahakama hiyo ilimhukumu Yussuf Munyakazi, mkulima tajiri wa Bugarama, kifungo cha miaka 25 mwaka 2010 kwa sehemu yake katika mauaji ya watu waliokimbilia parokia za Shangi na Mibilizi mwishoni mwa Aprili 1994. Kwa upande wa Wakristo, padre Athanase Seromba alipata kifungo cha maisha katika rufani ya mwaka 2008 kwa mauaji ya kanisa la Nyange. Dini kwa jina lake haikumzuia mtu. Kilichoonekana kufanya kazi ni muundo wa maisha: mtaa mmoja, ndoa zilizochanganyika, na umbali kutoka kwenye madaraka. Buyenzi ya Bujumbura inathibitisha jambo hilo kwa njia nyingine. Vita vya Burundi vilipoigawa mitaa ya mji ule kwa makabila baada ya 1993, Buyenzi ya Waswahili ilibaki na watu wa makabila yote.

Daraja mwaka 1994 na 1996

Kati ya Aprili na Juni 1994 waliovuka kuja Bukavu na kisiwa cha Idjwi walikuwa wale waliotafutwa wauawe. Julai na Agosti walivuka mamia ya maelfu ya wengine, waliolikimbia jeshi la RPF, na miongoni mwao walikuwamo wauaji wa wale wa kwanza. Viwanja vya shule na vya makanisa vilijaa. Baadaye kambi zikafunguliwa nje ya mji, Kashusha na Inera zikiwa kubwa. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti mwana wa Bushi, aliandika barua baada ya barua akikataa kwamba wakimbizi wote wahesabiwe kuwa wauaji, na akitahadharisha juu ya vita vinavyokuja. Vilikuja. Mnamo tarehe 29 Oktoba 1996 majeshi ya AFDL na ya Rwanda yalipoingia Bukavu, aliuawa barabarani. Aliyekuwa akiwatetea walikuwa wageni, na wengi wa Bukavu hawakuwataka tena.

Wiki tatu kabla ya hapo, tarehe 8 Oktoba, naibu gavana wa Kivu Kusini alikuwa ametangaza kwamba Banyamulenge waondoke katika jimbo kwa muda wa wiki moja. Banyamulenge walio wengi ni Wakristo, walisema Kiswahili kama watu wengine wa jimbo hilo, na watoto wao walikaa katika madarasa yale yale ya Bukavu na Uvira. Hayo yote hayakuwafaa. Sikio lilitafuta lafudhi ya Kinyarwanda ndani ya Kiswahili chao, na jicho likatafuta sura. Mji ambao kwa nusu karne ulikuwa umejifunza kutouliza jirani anasali wapi ulikuwa haujajifunza kutouliza anatoka wapi. Mtu akiiweka Kadutu ya 1996 kando ya Biryogo ya 1994 ataona kwamba kila mtaa ulikuwa na elimu ambayo mwenzake aliikosa, na ilikuwa safari ya siku moja tu kwa basi kutoka mmoja hadi mwingine.

Agano la damu na majina yake

Watu wa maziwa makuu walikuwa na njia ya zamani ya kumfanya mgeni kuwa ndugu. Kwa Kinyarwanda agano la kunywana damu huitwa igihango. Misafara ya pwani iliijua desturi hiyo na kuitumia. Viongozi wake walichanjiana na watemi ili wapite salama, ijapokuwa sheria ya Kiislamu hairuhusu kunywa damu, na wengine waliwaachia watu wao kazi hiyo wafanye kwa niaba yao. Inawezekana kusema kwamba huu ndio uliokuwa mkataba wa kwanza baina ya Waislamu na wasio Waislamu katika nchi hizi. Haukumtaka mtu abadili dini. Ulimtaka asimsaliti mwenzake, na ukamtishia laana akifanya hivyo. Kwamba ulivunjwa mara nyingi kwa tamaa ya pembe ni kweli. Lakini wazo lilibaki, na baada ya mauaji ya kimbari Wanyarwanda walilirudia walipotafuta jina la kuwaheshimu waliowaficha wenzao: Abarinzi b'Igihango, walinzi wa agano. Wamepewa heshima hiyo Wakristo na Waislamu.

Kongo, miundo rasmi ya ushirikiano wa dini imekua zaidi katika miaka ya vita. Jumuiya ya Kiislamu, COMICO, hukaa meza moja na Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu na wengine katika jukwaa la madhehebu ya nchi, ambalo limepewa hata kazi ya kushauriana juu ya tume ya uchaguzi. Meza hiyo ina manufaa yake, na pia ina siasa zake. Mtihani mzito zaidi uko kwingine. Uasi wa ADF katika Kivu Kaskazini, unaojivika jina la Uislamu, uliwatia Waislamu wote wa mashariki katika shaka. Tarehe 1 Mei 2021 Shehe Ali Amini Uthman, aliyeupinga uasi huo waziwazi, alipigwa risasi ndani ya msikiti wa Beni wakati wa sala ya usiku. Kwa jirani Mkristo aliyekuwa akisema kwamba Waislamu ni wamoja na waasi, kifo hicho kilikuwa jibu gumu kulipinga.

Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa M23, na swali la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni likarudi kwa ukali ule ule wa 1996. Ng'ambo ya pili, neno la kale limepata cheo kipya: mwaka 2017 bunge la Rwanda lilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya nchi, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na biashara yake. Mtoto wa Kamembe anaweza sasa kukisoma darasani, kwa daftari na mtihani. Bibi yake alikijua kwa jina la mtaa ambao watu wema walionywa wasiukaribie.